Mnazi Ukisimama: Niliyojifunza Mbele ya Feri ya Minyororo

Mnyororo wa feri ya Sandbanks, kusini mwa Uingereza, niliuona kwa karibu mara moja, na sitaki kuuona tena kwa umbali ule. Ulikuwa unatoka majini kwa mshazari, mweusi kwa matope, kila pete ikichuruzika maji, ukiingia ndani ya feri kwa kelele ya chuma kinachokokotwa juu ya chuma. Binti yangu, wakati huo ana miaka 12, alikuwa omoni, mbele ya mashua, ameshika kafi kwa mikono miwili. Kati yake na mnyororo palikuwa na maji ambayo hata mtoto mdogo angeweza kurusha kokoto ikayavuka.

Nayaandika haya kwa sababu wenzetu wengi tuliokulia pwani tumehamia huku Uingereza, na baadhi yetu, baada ya miaka ya kuitazama bahari kwa mbali, hununua kijimashua tukarudi majini. Kosa nililolifanya mimi si la mtu asiyejua bahari. Ni la mtu anayeijua bahari nyingine.

Mimi ni mtu wa Likoni. Nyumba yetu ilikuwa karibu na kivuko, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, na feri nilizijua kabla sijajua kusoma. Mjomba wangu alikuwa na dau, na kuanzia nikiwa na miaka minane hivi alinichukua kuvua. Kutoka nje au kurudi ndani ilibidi tupite pale kivukoni, feri zikienda na kurudi, na meli kubwa zikiingia bandari ya Kilindini. Ndiye aliyenifundisha jambo ambalo hadi leo sijaona kitabu kikilieleza vizuri kuliko yeye. Aliniambia nisiitazame feri yenyewe. Nitazame kilicho nyuma yake, ng'ambo. Chagua mnazi mmoja. Mnazi ukionekana unasogea na kuchomoza mbele ya feri, basi wewe utapita mbele. Ukichomoza nyuma yake, feri itapita kwanza. Lakini mnazi ukisimama, haupotei wala hauchomozi, na feri inazidi kuwa kubwa, basi mnakwenda kukutana. "Mnazi ukisimama," alisema, "usingoje."

Baadaye, nilipofanya kozi ya vyombo vidogo huku, nilikuta ni kanuni ileile iliyo katika sheria za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini: ukipima uelekeo wa chombo kingine kwa dira na usibadilike huku umbali unapungua, hatari ipo. Mjomba hakuwa na dira. Alikuwa na minazi.

Alikuwa pia na uchungu wake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, watu 272 wakafa, na katika mitaa yetu hapakuwa na nyumba isiyojua msiba. Tangu siku hiyo kila tulipokaribia kivuko mjomba alinyamaza, na mimi nikajifunza kunyamaza naye. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kuzidharau feri. Hilo nataka lieleweke.

Nilihamia Dorset, kusini mwa Uingereza, kwa kazi ya uuguzi. Mji wa Poole una bandari ya asili iliyo miongoni mwa kubwa kabisa Ulaya, maji mengi mapana yenye kina kidogo, visiwa ndani yake, kikubwa kikiitwa Brownsea. Maji yote hayo yana mlango mmoja tu wa kutokea baharini, mwembamba. Upande mmoja wa mlango ni Sandbanks, palipojaa majumba ya kifahari. Upande wa pili ni Shell Bay, mchanga na vichaka. Katikati, tangu mwaka 1926, hupita feri inayojivuta kwa minyororo. Ya sasa inaitwa Bramble Bush Bay, ilianza kazi 1994, hubeba magari 48. Asiyetaka kuipanda azunguke bara kwa gari, mwendo wa kilomita 40 hivi.

Mara ya kwanza nilipoiona nilifikiri ni feri kama zetu. Sura ni ileile: bapa, ina milango ya kushusha mbele na nyuma, magari yanaingia huku yanatokea kule. Lakini feri ya Likoni ina rafadha zake, inaweza kugeuza, kurudi nyuma, kukupisha hata kama kosa ni lako. Nimewaona manahodha wa Likoni wakiwakwepa wavuvi mara nyingi. Feri ya minyororo haina usukani. Minyororo miwili imelala chini ya bahari, imefungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, na feri hubeba magurudumu makubwa yenye meno yanayoishika minyororo hiyo na kuivuta. Feri inapanda juu ya mnyororo mbele, inauachia nyuma. Inaweza kwenda, inaweza kusimama, basi. Kulia na kushoto hakuna.

Mwaka ule nilikuwa na Wayfarer, mashua ya futi 16 yenye tanga kuu na tanga dogo la mbele, na mashine ya nguvu farasi mbili na nusu nyuma. Ilikuwa Julai, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mtu wa pwani akisikia hivyo anajua ni bamvu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa tofauti kubwa kabisa. Mimi pia nilijua. Lakini nilikuwa nimeangalia kitabu cha maji nikaona tofauti ya maji kujaa na kupwa pale Poole, hata wakati wa bamvu, haifiki mita 2. Nikajiambia: Mombasa bamvu hupita mita 3, na nilikuwa navuka nikiwa mtoto. Hapo ndipo nilipokosea. Mita za kupanda na kushuka hazikuambii kasi. Kasi inatokana na maji mangapi yanataka kupita mlango wa upana gani, kwa muda gani. Poole ina tabia yake nyingine: maji hujaa, yanashuka kidogo, yanajaa tena, kwa hiyo bandari hukaa imejaa kwa saa kadhaa. Kisha yote yanataka kutoka kwa pamoja. Wakati wa bamvu mkondo wa kupwa pale mlangoni hupita noti 4.

Noti 4 ni mita 2 kila sekunde. Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya kabla ya siku ile, na tangu siku ile huifanya kila mara. Ukiwa mita 200 juu ya feri, yaani upande mkondo unakotoka, na mkondo unakupeleka kwake, una sekunde 100.

Tulitoka saa tisa alasiri, mimi na binti yangu, tukielekea ufuo wa Studland kula chakula chetu huko. Upepo ulikuwa wa mashariki, mwepesi, mzuri. Mashine nilikuwa nimeiinua isikokote majini, koki ya mafuta nimeifunga. Tulishuka na mkondo tukiwa tumeiacha Brownsea kuliani, tunacheka, maji yametuchukua kama mto. Feri ilikuwa imeegesha upande wa Sandbanks. Nilihesabu kwamba kabla haijaondoka tutakuwa tumeshapita.

Feri ikaondoka. Niliona mpira mweusi umetundikwa juu ya feri, upande wa Shell Bay. Huning'inizwa upande feri inakoelekea, na usiku kwenye upande huohuo humetameta taa nyeupe. Sikuogopa bado. Nikachagua kitu ng'ambo, paa jekundu la gari lililokuwa kwenye foleni kule Shell Bay, nikaona linachomoza mbele. Nikasema tunapita mbele.

Kisha tukaingia kwenye kivuli cha majumba ya Sandbanks. Pale pembeni mwa gati pana hoteli kubwa, ile ambayo Marconi, mvumbuzi wa redio, alifanyia majaribio yake kuanzia 1898, na nyuma yake majengo mengine marefu. Upepo wa mashariki ukakatika kama mtu amefunga dirisha. Tanga likalegea, foromali, mti wa tanga, ikayumba, na demani, kamba ya kulivutia, ikanilalia mkononi bila uzito. Mashua haikusimama, na hilo ndilo la kutisha. Tanga limekufa, usukani haushiki kitu, lakini ufuo unapita kwa kasi ileile. Nikatazama lile paa jekundu. Lilikuwa limesimama.

"Baba," binti yangu alisema, "ile haitugeukii?"

Nilimwambia achukue kafi. Nikaishusha mashine, nikavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Tena. Kimya. Nilikuwa nimesahau koki. Kufungua koki, kuvuta choki, kuvuta kamba tena: ukiwa nyumbani ni kazi ya nusu dakika. Feri ikapiga honi, sauti nzito niliyoisikia kifuani. Halafu ikasimama. Ningefikiri kusimama kwake ni nafuu yetu, na wengi hufikiri hivyo. Kumbe feri iliyosimama katikati ya mkondo ni ukuta, na maji yanapita chini ya ukuta huo. Mashua ikibandikwa pale ubavuni, mkondo unaikandamiza, ubavu unaoelekea mkondo unazama, inapinduka, na kilichomo kinavutwa chini ya feri. Hilo nililijua bila kufundishwa, kwa jinsi maji yalivyokuwa yanapanda ubavuni mwa ile feri na kufanya povu.

Ilipowaka ilikuwa mara ya tano au ya sita. Kitu kimoja nilikifanya sawasawa, na sikukifanya kwa akili, mikono ya zamani ilikifanya: sikujaribu kukimbilia ng'ambo wala kupita mbele. Niligeuza omo kwenye mkondo, moja kwa moja juu, nikaipa mashine nguvu zote. Mashine ile kwenye maji tulivu hutoa noti 4, labda 5. Kwa hiyo tulikuwa tunaunguruma tumesimama palepale. Nyuma yetu, karibu na tezi, sehemu ya nyuma ya mashua, mnyororo. Ndipo nilipouona kama nilivyoeleza, unatoka majini kwa mshazari. Binti yangu alipiga kafi hadi mikono ikamtetemeka. Nikaielekeza omo kidogo sana kushoto, maji yakaanza kutusukuma ubavu, tukateleza polepole kuelekea kando, upande wa Shell Bay lakini juu ya gati, ambako mkondo ni mdogo. Tulipofika kwenye maji ya kina cha kiuno nilishuka nikaishika mashua kwa mikono. Feri ikaendelea na safari yake. Mfanyakazi mmoja alikuja kwenye kingo, akatutazama, akainua mkono. Hakuwa na hasira. Nilimwinulia wangu.

Chakula tulikula palepale mchangani. Hakuna aliyesema mengi.

Wiki iliyofuata nilimwendea mzee mmoja kwenye klabu ya mashua, mtu aliyepita mlango ule kwa zaidi ya miaka 50. Hakunikemea. Aliniambia tukutane Jumapili Shell Bay, nije na saa, kitabu cha maji na machungwa. Tulikaa mchangani saa sita. Kila nusu saa tulirusha vipande vya maganda majini kutoka kwenye kigati kidogo na kuhesabu sekunde zinazotumika kufika kwenye boya fulani. Nikaandika. Mkondo ulianza kama kutambaa, ukawa mwendo wa mtu anayetembea, ukawa mwendo wa mtu anayekimbia, kisha ukalegea. Saa mbili za katikati ya kupwa ndizo mbaya. Nikaona pia kwamba kando kando, kwa upana wa nyumba chache, maganda yalikuwa yanazunguka mahali pamoja na hata kurudi juu, huku katikati yakienda mbio. Elimu ile sijaipata kwenye kitabu chochote, na naisihi familia yoyote yenye mashua mlangoni mwa bandari yoyote ifanye hivyo mara moja.

Kisha mzee akanipandisha feri. Tulivuka mara sita kwa miguu, huku na huko, tumesimama pembeni tunatazama mnyororo. Mambo mawili niliyaona ambayo kutoka kwenye mashua huyaoni. La kwanza, mnyororo mbele na nyuma ya feri haushuki chini ghafla. Unashuka kwa mteremko, na kadiri unavyokazwa ndivyo mteremko unavyokwenda mbali zaidi kabla ya kuzama. Kwa hiyo maji yaliyo karibu na ncha mbili za feri yanaonekana matupu na si matupu. Karibu na magati pia, mnyororo unapotoka baharini kupanda nchi kavu, kina ni kidogo wakati wote, feri ikiwepo au isiwepo. La pili, mkondo ukiwa mkali feri haipiti kwenye mstari ulionyooka toka gati hadi gati. Inasukumwa, minyororo inapinda kama uta, na feri ikifika katikati iko chini zaidi ya pale macho yako yalipotarajia. Mtu anayeshuka na mkondo akidhani atakata kona chini ya feri anajikuta hana nafasi aliyoihesabu.

Tangu hapo nina desturi zangu, na sizivunji hata kama upepo ni mzuri na wageni wana haraka.

Mashine inawaka kabla ya kufika mlangoni. Si kwamba iko tayari kuwashwa. Inaunguruma, gia imejaribiwa mbele. Matanga yanaweza kuwa juu, sina ubaya nayo, lakini sipiti mlango ule kwa kutegemea tanga peke yake, maana upepo unaoupata nje ya majumba si upepo utakaoupata kati yake. Kubisha, yaani kugeuzageuza mashua ili kwenda dhidi ya upepo, karibu na feri pia nimeacha. Kila ukigeuka kuna sekunde chache ambazo mashua haina mwendo wake, na sekunde hizo mkondo hauziachi.

Kungoja ndiko kunakotaka maelezo zaidi, kwa sababu watu hungoja vibaya. Ukishuka na mkondo na ukaiona feri inajaza magari, usingoje kwa kuzungukazunguka. Kila duara unalolichora, mashua imekuteremsha mita 50. Geuza omo juu ya mkondo ukiwa bado mbali, ipe mashine nguvu ya kutosha kukufanya usimame mahali pamoja ukilinganisha na kitu cha nchi kavu, na ungoje hivyo, ukiwa umeipa feri mgongo na unageuza shingo kuitazama. Inaonekana kinyume, kwa sababu mwanadamu anataka kukitazama anachokiogopa. Lakini ukiwa umeelekea juu una uwezo wa kwenda kulia, kushoto, au kubaki. Ukiwa umeelekea chini una njia moja. Na kama mashine yako haiwezi kuushinda mkondo wa siku hiyo hata kwa kusimama, basi jibu umeshalipata: ngoja maji yasimame, au pita wakati wa maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Mimi hupitia nyuma ya feri, kamwe si mbele, na nyuma maana yake si kumgusa mkia. Naiacha iende, mnyororo wake uzame, ndipo napita, na ule ubao wa mkuku, unaoshuka majini chini ya mashua na kuinuliwa, nauinua nusu. Mwenye mashua ya mkuku mrefu ndiye wa kutazama zaidi kina. Chombo kidogo ndicho kinachopisha, hilo lisiwe na mjadala. Hata feri nayo nimeiona ikikaa gatini kuisubiri Barfleur, meli ya kwenda Cherbourg, Ufaransa, yenye urefu wa mita 158, ipite. Meli ile inapoujaza mlango, mashua ndogo haina kazi pale. Sheria ya njia nyembamba inasema vyombo vya chini ya mita 20 na vyombo vya tanga visizuie meli isiyoweza kupita penginepo, na ukiiona Barfleur kwa macho huhitaji kusomewa. Mimi hufungua redio chaneli 14, ambayo bandari ya Poole hutumia, nasikiliza tu nijue nani anakuja. Kiingereza chao cha redioni ni kifupi na kinafahamika upesi.

Nanga yangu imefungwa kamba na imewekwa juu, si chini ya mifuko ya chakula. Lakini nanga ni ya kutumia mbali, juu kabisa, pale tu mashine inapokataa. Ukiitupa karibu na feri utaikamata minyororo, na hapo umejifunga mwenyewe kwenye kitu kinachosogea.

Jaketi za kuokoa maisha zinavaliwa tangu ufukweni. Wako ndugu zetu wanaoona ni aibu, kwamba mtu wa pwani anajua kuogelea. Mimi najua kuogelea. Maji ya kule hata Julai ni baridi kiasi cha kukukata pumzi, na mbele ya feri kuogelea hakukusaidii.

Kitu kinachoniumiza siku hizi ni zile mbao za kupigia kafi umesimama, na kayaki za kupulizwa. Zinauzwa madukani kama mipira ya kuchezea, na mtu anaingia nayo kutoka Shell Bay bila kujua mlango ule unafanya nini. Majira ya joto yaliyopita niliwakuta vijana wawili wamelala juu ya mbao zao wanaota jua, mkondo wa kupwa umeshawachukua, wako mita 300 juu ya feri na hawana habari. Niliwavuta kwa kamba hadi kando. Mmoja aliudhika, aliona nimewaharibia mapumziko. Nilimweleza hesabu ya mita 2 kwa sekunde. Akatazama feri, akanyamaza, akavuta ubao wake hadi juu ya mchanga.

Mtu asidhani hili ni la Poole peke yake. Feri za namna hii ni za zamani katika pwani ile. Mhandisi James Meadows Rendel aliweka moja Dartmouth mwaka 1831 na nyingine Torpoint, kwenye mto Tamar, 1834, na Torpoint hadi leo ziko tatu zinazofanya kazi ubavu kwa ubavu. Southampton walikuwa nayo hadi walipojenga daraja la Itchen, 1977. Cowes, kwenye kisiwa cha Wight, wanayo tangu 1859, na wao huiita daraja la kuelea. Nilipomwambia kaka yangu kwa simu kwamba nimepita karibu na daraja la kuelea, akadhani nazungumzia kitu kama lile la Liwatoni, daraja la kuelea la waendao kwa miguu kule Mombasa, akaniuliza kama hulifungua meli zikipita. Kila mahali pana sheria zake na ishara zake, na mkondo wake. Kabla ya kwenda Cowes nilisoma taarifa za bandari ile kwa siku mbili, na nikapita maji yakiwa yamesimama.

Binti yangu sasa ana miaka 20 na mashua ni yake zaidi kuliko yangu. Mei iliyopita alikuja nyumbani kutoka chuoni, akaniambia twende nje. Yeye alishika usukani, mimi nikakaa omoni, mahali pake pa zamani. Tulishuka na maji ya kupwa, mashine inaunguruma, mzee wa klabu ameshafariki mwaka mmoja uliopita na tulikuwa tunamzungumza. Feri ilitoka Shell Bay, mpira mweusi umetundikwa kwetu, upande wa Sandbanks. Mimi nilikuwa bado nasimulia. Yeye hakuwa ananisikiliza tena. Macho yake yalikuwa kwenye nguzo moja ya taa ng'ambo, iliyo nyuma ya feri.

"Baba," alisema, "mnazi umesimama."

Akageuza omo juu ya mkondo, akapunguza mashine hadi tukatulia palepale, na tukaingoja.